Kupima kwa nuru ufungamano wa magnoni na mawimbi ya maikrowevu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaoanza kazi na vifaa mseto vya sumaku na maikrowevu, na wanaotaka kujua leza inaingiaje katika habari hii. Maswali ni yale ninayoulizwa tena na tena na wanafunzi, pamoja na wenzangu wa fani jirani. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa ndipo watu wanapokwama.

Kifaa mseto ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kimoja chenye mifumo miwili ya asili tofauti inayobadilishana nishati. Upande mmoja ni resoneta ya maikrowevu, yaani kitu kinachovuma kwa masafa yake maalumu ya gigahezi chache. Inaweza kuwa chemba ya shaba, pete ya metali yenye mwanya iliyochongwa juu ya bamba, au utepe wa metali inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana. Upande wa pili ni sumaku: tufe la fuwele lenye kipenyo cha milimita 1 hivi, au utando wenye unene wa mikromita chache, pengine nanomita chache. Sumaku huwekwa pale ambapo uga sumaku wa maikrowevu ni mkali zaidi. Hakuna waya unaounganisha pande hizo mbili. Uga wenyewe ndio kiungo.

Na magnoni?

Kila elektroni ina spini, na kwa sababu hiyo ni sumaku ndogo mno. Ndani ya sumaku ya kawaida spini hizo zimejipanga zikielekea upande mmoja. Ukizigusa kidogo kwa uga unaobadilikabadilika, zinayumba kama pia inayokaribia kuanguka, na kila moja inamwambukiza jirani yake mwendo huo. Hilo ndilo wimbi la spini, wazo lililotolewa na Felix Bloch mwaka 1930. Magnoni ni kipande kidogo kabisa cha wimbi hilo, kama fotoni ilivyo kipande kidogo kabisa cha nuru.

Jambo la kushika ni kwamba masafa ya magnoni unayapanga mwenyewe kwa uga wa nje. Kwa tufe kanuni ni nyepesi: gigahezi 28 kwa kila tesla 1. Ukitaka gigahezi 5 unahitaji militesla 179 hivi. Utando uliolazwa sambamba na uga una hesabu tofauti, kwa kuwa umbo lake linaongeza nguvu ya kuzirudisha spini mahali pake. Charles Kittel aliiandika hesabu hiyo mwaka 1948, na kwa utando wa YIG, fuwele ya sumaku nitakayoieleza hapa chini, gigahezi 5 zilezile hupatikana kwa militesla 111 tu. Nimeona watu wakitafuta ishara siku nzima kwa sababu walitumia kanuni ya tufe kwenye utando.

Pande hizi mbili zinafungamana vipi?

Fikiria bembea mbili zilizoning'inizwa kwenye kamba moja iliyolegea. Ukisukuma ya kwanza, baada ya muda inatulia yenyewe na ya pili inaruka juu. Kisha mwendo unarudi kwa ya kwanza. Kamba ndiyo inayopitisha nishati. Sharti ni kwamba bembea ziwe na urefu unaolingana, vinginevyo moja itayumba huku nyingine ikitikisika kidogo tu.

Katika kifaa chetu bembea ya kwanza ni fotoni ya maikrowevu ndani ya resoneta, ya pili ni magnoni, na kamba ni uga sumaku wa ile fotoni unaozisukuma spini. Spini moja peke yake inaishika fotoni kwa ulegevu usiopimika kwa urahisi. Lakini zikiyumba pamoja, nguvu ya ufungamano hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi yao. Tufe la milimita 1 lina spini zipatazo 10 kwa kipeo cha 19. Kipeuo chake ni zaidi ya bilioni 3, na ndiyo maana kitu dhaifu hivyo kinageuka kuwa ufungamano wa makumi ya megahezi unaoonekana waziwazi kwenye skrini.

Pale masafa yanapolingana, hakuna tena fotoni peke yake wala magnoni peke yake. Kuna mitetemo miwili mipya, kila mmoja nusu huyu nusu yule. Ukichora masafa dhidi ya uga, mistari miwili inayotarajiwa kukatana haikatani. Inakaribiana, kisha inakwepana na kuacha pengo. Matawi hayo mawili yanafuata:

f± = (fc + fm)/2 ± √[g² + (fc − fm)²/4]

ambapo fc ni masafa ya resoneta, fm ya magnoni, na g ni nguvu ya ufungamano. Kwenye kitovu cha mkwepano pengo ni 2g kamili, kwa hiyo g unaisoma moja kwa moja kwenye picha.

Nitajuaje kwamba ufungamano wangu ni "wa nguvu"?

Linganisha g na kasi ya upotevu ya kila upande. Ikiwa g inazidi upotevu wa resoneta na pia upotevu wa magnoni, nishati inapata muda wa kwenda na kurudi kabla haijapotea, na matawi mawili yanatengana wazi. Ikiwa g inazidi mmoja tu, utaona mstari mmoja ukinenepa au kufifia lakini pengo halisi hutaliona. Angalia kama kitabu unachosoma kinahesabu upana kamili wa mstari au nusu yake. Tofauti hiyo ya mara mbili imewapotosha wengi.

Niseme wazi jambo moja. Pengo kwenye picha si ushahidi wa mambo ya kwantamu. Bembea mbili za kawaida nazo zinaonyesha mkwepano huohuo, na vipimo vingi vya aina hii hufanywa katika joto la chumba, ambako hali moja ya magnoni ya gigahezi 5 huwa na magnoni zipatazo 1,250 zilizozaliwa na joto tu. Ufungamano wa nguvu ni jambo zuri na lenye manufaa bila kupambwa kwa jina lisilo lake.

Kwa nini kila makala inataja YIG?

YIG ni ganeti ya itriamu na chuma, fuwele iliyogunduliwa mwaka 1956 na Bertaut na Forrat huko Grenoble, Ufaransa. Sifa yake kuu ni kwamba spini zake zikianza kuyumba huchukua muda mrefu kutulia kuliko katika takriban sumaku nyingine yoyote tunayoijua. Si metali, kwa hiyo hakuna mikondo ya umeme ya kupoteza nishati kama joto ndani yake. Ni sumaku hadi karibu kelvini 560. Na kwa sisi wa leza, inapitisha nuru ya infraredi vizuri sana kuanzia urefu wa wimbi wa mikromita 1.1 hivi, ikiwa ni pamoja na nanomita 1550 zinazotumika katika nyaya za mawasiliano.

Inayo dosari pia. Tando nzuri hukuzwa juu ya fuwele ya GGG, ganeti ya gadolini na gali, ambayo karibu ilingane nayo kwa mpangilio wa atomu. Katika joto la kawaida GGG ni jirani mwema. Ukiipoza hadi kelvini chache, spini za gadolini zinaanza kuamka na kula nishati ya magnoni. Tando zilizokuwa bora mezani zinageuka kuwa mbovu ndani ya jokofu.

Majaribio yaliyofungua njia yalitumia YIG. Mwaka 2013 kundi la Garching, Ujerumani, lilionyesha ufungamano wa nguvu kati ya YIG na resoneta isiyo na ukinzani, na mwaka 2014 makundi ya Tokyo, Yale na Australia Magharibi yakafuata kwa matufe ndani ya chemba.

Chombo cha kupima maikrowevu kinaonyesha pengo vizuri. Leza ya nini tena?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kichanganuzi cha maikrowevu, ambacho wengi tunakiita VNA, kinatuma wimbi kupitia mlango mmoja na kulipokea kwenye mwingine. Kinachokuambia ni kile kilichopita au kilichorudi. Maana yake kinaona upande wa fotoni tu. Magnoni unaidhania kutokana na alama inayoacha kwenye fotoni, kama mtu anayekisia aliye chumba cha pili kwa kusikiliza mlango ukitikiswa. Tena kinachopimwa ni jumla ya kifaa chote. Hujui ni sehemu gani ya sumaku inayoyumba, wala kama ni utando mzima au ukingo mmoja.

Nuru inakuruhusu kuiuliza sumaku yenyewe. Unalenga leza mahali unapotaka, doa la mikromita chache au chini ya hapo, na jibu unalopata linatokana na spini zilizo chini ya doa hilo. Ukihamisha doa unapata ramani. Unaona kwamba sehemu moja inayumba kwa nguvu na nyingine imetulia. Unaona mitetemo yenye mafundo na matumbo ambayo VNA haiioni kabisa, kwa sababu mchango wa nusu moja unafuta wa nusu nyingine inapojumlishwa. Katika kifaa chenye sumaku mbili au zaidi ndani ya resoneta moja, leza ndiyo inayokueleza nani anafanya nini.

Nuru inauonaje usumaku?

Nuru ni wimbi linalotikisika katika mwelekeo fulani, na mwelekeo huo huitwa polaraizesheni. Mwaka 1845 Michael Faraday aliona kwamba nuru ikipita ndani ya kioo kilicho katika uga sumaku, polaraizesheni yake inazunguka. Mwaka 1877 John Kerr akaona jambo linalofanana na hilo kwa nuru inayorudi kutoka kwenye uso wa sumaku. Tunatumia mambo hayo mawili hadi leo: Faraday kwa vitu vinavyopitisha nuru, Kerr kwa metali.

Spini zinapoyumba mara bilioni 5 kwa sekunde, polaraizesheni nayo inayumba kwa kasi hiyohiyo. Kazi yetu ni kuudaka mtikisiko huo. Kwa YIG katika nanomita 1550 mzunguko kamili ni takriban nyuzi 200 kwa kila sentimeta ya fuwele, lakini magnoni huyumbisha sehemu ndogo tu ya usumaku, na utando wa mikromita chache ni mwembamba mno. Kinachobaki mara nyingi ni mafungu ya milioni ya radiani. Kuingiza bismathi kwenye ganeti huzidisha mzunguko mara nyingi, ila kwa kawaida unalipa kwa magnoni kutulia mapema zaidi.

Mtawanyiko wa Brillouin ni nini, na ninauhitaji?

Hii ndiyo njia iliyokomaa zaidi. Jina ni la Léon Brillouin, aliyeandika nadharia yake mwaka 1922 kwa mawimbi ya sauti. Fotoni ya leza inagongana na magnoni. Ikiimeza, inatoka na masafa yaliyoongezeka kwa gigahezi za magnoni hiyo. Ikizaa mpya, inatoka na masafa yaliyopungua kwa kiasi hichohicho. Basi kinachotakiwa ni kupima masafa ya nuru iliyotawanyika.

Kulisema ni rahisi. Leza ya kijani ya nanomita 532 ina masafa ya terahezi 564. Gigahezi 5 ni sehemu moja tu kati ya zaidi ya laki moja ya hayo. Kichujio cha kawaida hakiwezi kitu hapo. Ndiyo maana watu hutumia interferometa ya Fabry–Pérot, chombo kinachochuja nuru kwa kuirudisharudisha kati ya vioo viwili, yenye jozi mbili za vioo zinazosogezwa pamoja, nuru ikipitishwa mara sita, mtindo uliobuniwa na John Sandercock. Zawadi ya ziada ni kwamba magnoni huigeuza polaraizesheni ya nuru iliyotawanyika kwa nyuzi 90, kwa hiyo kichujio cha polaraizesheni kinazuia nuru iliyorudi kwenye uso na ile iliyotawanywa na mitetemo ya atomu.

Ikiunganishwa na lenzi ya hadubini, njia hii inafikia doa la nanomita 250 hadi 300. Inahesabu fotoni mojamoja, na inaweza kuona hata magnoni za joto bila wewe kuwasha maikrowevu. Mwaka 2016 ilitumika sambamba na kipimo cha maikrowevu kwenye utando wa YIG juu ya resoneta ya pete yenye mwanya, na mkwepano ukaonekana kwa njia zote mbili. Udhaifu wake ni kwamba kwa hali ya kawaida haikupi awamu, yaani hujui spini zinayumba sambamba na wimbi la maikrowevu au kinyume chake. Pia ni ya polepole. Ramani moja inaweza kukumaliza usiku kucha.

Nikitaka awamu nifanyeje?

Fungamanisha leza na maikrowevu. Gawa wimbi la maikrowevu mara mbili: sehemu moja iende kwenye kifaa, nyingine iende kwenye modyuleta ya nuru inayoiwasha na kuizima leza kwa masafa yaleyale. Leza sasa inapepesa kwa mwendo wa spini, kama taa ya kumulika feni inayoifanya ionekane imesimama. Polaraizesheni iliyoyumba ikikutana na nuru iliyopepesa, sehemu ya ishara inashuka hadi masafa ya chini ambayo kigunduzi cha bei ya kawaida kinayapokea vizuri. Ukibadilisha urefu wa njia ya mojawapo, unaisoma awamu.

Njia nyingine ni kutumia leza ya mapigo mafupi ya pikosekunde au chini ya hapo na kuyapanga yagonge kila mara katika sehemu ileile ya mzunguko wa maikrowevu.

Kwa maoni yangu awamu ndiyo hazina ambayo wengi wanaiacha. Katika kitovu cha mkwepano VNA inakupa vilele viwili vinavyofanana kama mapacha. Awamu inavitenganisha papo hapo: katika tawi moja sumaku na resoneta vinayumba sambamba, katika jingine vinakwenda kinyume.

Nimesikia kuhusu almasi. Inahusikaje?

Almasi yenye kasoro maalumu, atomu ya naitrojeni ikiwa jirani ya nafasi iliyo wazi, inang'aa nyekundu ikimulikwa kwa kijani. Mng'ao huo hupungua pale maikrowevu inapogonga masafa ya kasoro hiyo, ambayo bila uga ni gigahezi 2.87. Ukiiweka makumi ya nanomita juu ya YIG, inahisi uga unaotoka kwa magnoni. Ni kihisi kizuri sana kwa vitu vidogo, lakini kina masafa yake chenyewe yanayohama kwa uga, na inabidi uyapatanishe na ya magnoni. Kwa anayeanza, si hapa pa kuanzia.

Nichague leza ya rangi gani?

Kijani kama unataka doa dogo na mtawanyiko wa Brillouin. YIG inainywa nuru hiyo kwa wingi, kwa hiyo tumia milliwati chache tu. Nanomita 1550 kama una tufe au utando mnene na unataka nuru ipite ndani. Vifaa vya mawasiliano vya urefu huo wa wimbi, modyuleta, nyaya na vikuzaji, vipo tayari na vimepimwa vizuri.

Je, leza haibadilishi kile ninachokipima?

Inabadilisha, na usimwamini anayekataa. Usumaku wa YIG hupungua kwa takriban asilimia 0.2 kwa kila digrii moja ya joto karibu na joto la chumba. Kwa utando wa gigahezi 5 tuliotaja juu, hiyo ni kuhama kwa megahezi 3 hivi kwa digrii moja, kiasi kinachokaribia upana wa mstari wenyewe. Doa likipashwa digrii tano, unapima masafa ya sehemu ambayo haifanani na utando uliobaki.

Tufe lina nafuu ya pekee. Katika mwendo wake wa msingi, ambapo spini zote zinakwenda pamoja, masafa hayategemei ukubwa wa usumaku, kwa hiyo joto linayahamisha kidogo tu.

Dawa ni moja: pima kwa nguvu tatu au nne za leza, chora masafa dhidi ya nguvu, kisha rudisha mstari hadi sifuri. Ni kazi ya nusu saa.

Mkwepano wangu kwa leza haufanani na ule wa VNA. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Swali hili limewakatisha tamaa watu wazuri, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Kwenye VNA unaingia kwa fotoni na kutoka kwa fotoni. Ukisogea mbali na kitovu, tawi linaloelekea kwenye magnoni linafifia, na linaloelekea kwenye fotoni linabaki na nguvu. Kwa hiyo picha ina mstari mmoja mnene wa karibu mlalo, uliokatwa katikati.

Kwa leza unaingia kwa fotoni lakini unatoka kwa magnoni. Ili upate ishara, tawi lazima liwe na vyote viwili: fotoni ya kutosha ili maikrowevu iingie, na magnoni ya kutosha ili nuru ilione. Tawi lenye fotoni tupu limejaa nishati ila leza hailioni. Tawi lenye magnoni tupu leza ingeliona, ila maikrowevu haifiki. Ni pale katikati tu, nusu kwa nusu, ambapo milango yote miwili iko wazi. Ndiyo maana picha ya leza huwaka zaidi kwenye kitovu cha mkwepano na kufifia pande zote, ikiwa upotevu wa pande mbili unakaribiana. Ikiwa magnoni inapoteza kidogo kuliko resoneta, mng'ao unasogea upande wa magnoni.

Kinachopaswa kulingana ni mahali pa vilele, si urefu wake. Weka vilele vya leza juu ya vile vya VNA, na g ikitoka ileile, una kipimo kinachosimama. Kama g ni tofauti, kwanza angalia joto la leza, kisha nguvu ya maikrowevu: ukisukuma magnoni kupita kiasi, zinaanza kugawanyika na kuhama masafa, na pengo linapotoka.

Kuna faida nyingine hapa. Kwenye VNA wimbi linaloruka moja kwa moja kutoka mlango hadi mlango linachanganyika na lile lililopita kwenye resoneta, na vilele vinapinda upande. Leza haina habari na wimbi hilo lililoruka. Hii inasaidia sana katika vifaa ambapo matawi yanavutana badala ya kukwepana, jambo lililoonyeshwa na kundi la Manitoba, Kanada, mwaka 2018, kwa kuwa huko umbo la kilele kwenye VNA ni rahisi kulifasiri vibaya.

Je, naweza kuona magnoni moja kwa leza?

Hadi sasa aliyehesabu magnoni moja alitumia kyubiti (kipande cha msingi cha kompyuta ya kwantamu) ya metali isiyo na ukinzani, si leza. Kundi la Tokyo liliunganisha kyubiti na magnoni za tufe la YIG mwaka 2015, na mwaka 2020 likagundua magnoni moja kwa kupima mara moja tu. Kazi hiyo hufanyika kwenye milikelvini 10 hivi, ambako magnoni za joto za gigahezi 5 zimetoweka kabisa. Jokofu la namna hiyo linaweza kuondoa joto la mikrowati chache tu. Leza ya milliwati 1 ikigonga kitu ndani yake, jokofu linazidiwa.

Basi vipi kuhusu kugeuza maikrowevu kuwa nuru kwa ajili ya kompyuta za kwantamu?

Wazo ni la kuvutia: kyubiti inazungumza maikrowevu, waya wa nuru unasafirisha mbali, na magnoni inajua lugha zote mbili. Tatizo ni wingi. Jaribio la Tokyo la mwaka 2016 lilifika ufanisi wa takriban 10 kwa kipeo cha hasi 10, yaani fotoni moja ya nuru kwa kila bilioni 10 za maikrowevu. Vifaa vilivyobana nuru ndani ya vijia vyembamba vimepandisha kiasi hicho, lakini bado kiko mbali. Chanzo ni kwamba nuru na spini hushikana kwa ulegevu, na ni vigumu kuzikutanisha mahali pamoja kwa umbo moja. Njia zinazotumia vioo vinavyotikisika au fuwele za umeme na nuru zimetangulia mbali sana.

Sioni aibu kusema hivyo. Kama kipimo, nuru haihitaji kugeuza kila fotoni. Inahitaji kutuonyesha sumaku inafanya nini. Hilo inaliweza leo.

Nimepata ishara yangu ya kwanza. Nifanye nini kabla ya kushangilia?

Zuia leza kwa kipande cha karatasi nyeusi. Ishara ikibaki, si nuru uliyoipima. Ni maikrowevu iliyovuja hewani na kuingia kwenye waya wa kigunduzi. Hili lilinipata: nilikuwa na mkwepano mzuri ajabu, umechorwa kwa rangi, na wiki mbili nilikuwa nikiusifia, hadi mwenzangu alipopita mbele ya meza, mkono wake ukakata mwali, na mstari kwenye skrini haukutikisika hata kidogo. Nilikuwa nikipima resoneta kwa antena.

Ukishapita hapo, sogeza uga wa nje mbali na resonansi, yaani mbali na pale masafa ya magnoni yanapolingana na ya maikrowevu. Ishara lazima ife. Kisha geuza uga upande wa pili. Mzunguko wa Faraday hubadilisha alama kufuatana na mwelekeo wa usumaku, kwa hiyo ukiwa na awamu utaiona ikigeuka. Mwisho punguza nguvu ya maikrowevu hadi nusu. Ishara ya Brillouin inapaswa kushuka hadi nusu, kwa sababu inafuata idadi ya magnoni. Ishara ya polaraizesheni yenye awamu inapaswa kushuka hadi karibu asilimia 71, kwa sababu inafuata ukubwa wa myumbo. Mtu akikuletea picha ya mkwepano kwa leza, muulize namba hiyo ya mwisho kwanza.